Maji yamechemka kwa nyuzi 96: nibadilishe namba?

Swali limetoka kwa binti wa mwaka wa kwanza:

"Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Nasoma uhandisi wa chakula hapa Kampala, kwetu ni Busia. Nilikuja kujifunza kusindika chakula, lakini muhula mzima ni fizikia: pendulamu, themometa, vernia, mizani. Maabara maji yetu yalichemka kwa nyuzi 96. Pendulamu ya mita moja, mizunguko 20, ilitupa g, yaani mvutano wa dunia, ya 9.74. Unga wa mahindi wa gunia moja ulitupa unyevu tofauti kila tulipopima. Wenzangu kwenye kikundi wakaandika 100, wakaandika 9.81, na kwenye unga wakachagua namba moja iliyowapendeza. Nami nikasaini. Tangu siku hiyo roho inanisuta. Fizikia hii ina kazi gani kwa mtu wa chakula? Na namba zikikataa kufanana na kitabu, mtu afanyeje?"

Binti yangu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa hiyo roho inayokusuta. Usiinyamazishe. Nimefanya kazi ya maziwa, juisi na nafaka kwa miaka mingi, na wahandisi niliowaamini ni wale ambao namba iliyobadilishwa iliwanyima usingizi.

Nianze na maji, maana hapo mmefuta kipimo sahihi.

Kampala iko karibu mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko iliyo juu ya mtu wa Mombasa, kwa hiyo inatukandamiza kwa nguvu ndogo zaidi: pwani presha ya hewa ni kama kilopaskali 101, kwetu ni kama 88. Maji huchemka pale presha ya mvuke wake inapofikia presha ya hewa iliyo juu yake. Hewa ikiwa nyepesi, maji hayahitaji kupata moto sana ili yafike hapo. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 za kupanda hukupunguzia nyuzi 1. Gawanya 1200 kwa 300 upate 4, toa kwenye 100. Ni 96. Ungekuwa Kabale, juu zaidi milimani, ungesoma kati ya 93 na 94, na ndiyo maana maharage ya kule hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Themometa yenu ilisema kweli kuhusu Kampala. Kikundi chako kikaandika ya Mombasa.

Sasa utauliza, nyuzi 4 zina ubaya gani? Ngoja nikupeleke kiwandani.

Nilipokuwa bado kijana kazini, kiwanda kidogo kiliniita nikatazame mitungi ya maharage yaliyopikwa. Vifuniko vilikuwa vinavimba baada ya wiki mbili tatu. Walikuwa na otoklevu, yaani chungu kikubwa cha mvuke wenye presha, nzuri, safi, na mpishi wa zamu alikuwa mtu makini ambaye hakuwahi kukatisha dakika hata moja. Kijitabu cha mashine, kilichoandikwa ng'ambo, kilisema: pandisha geji ya presha hadi pauni 15 kwa inchi ya mraba, hapo ndani ni nyuzi 121, hesabu dakika zako. Alifanya hivyo kila siku. Geji ilisimama kwenye 15 bila kutikisika.

Nikaweka ndani themometa ya aina ile inayoshikilia joto la juu kabisa iliyofikia. Tulipofungua ilikuwa imesimama kwenye 119, na nywele zikanisimama, kwa sababu papo hapo nilijua kasoro iko wapi. Geji haipimi presha yote iliyomo ndani. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Pauni 15 ni kama kilopaskali 103. Pwani unajumlisha 103 na 101, unapata 204 na kitu, na mvuke wa presha hiyo una nyuzi 121. Kampala unajumlisha 103 na 88, unapata 191, na mvuke wa presha hiyo una karibu nyuzi 118.8. Geji ni ileile, namba ni ileile, lakini joto limepungua kwa nyuzi 2 na kidogo.

Mtu atasema nyuzi 2 si kitu. Kwa chai, sawa. Kwa bakteria wa Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa na sumu yake huua, hesabu ni nyingine kabisa. Huyu tunamkadiria kwa thamani ya z ya nyuzi 10, yaani kila joto likishuka nyuzi 10, kasi ya kumuua inashuka mara 10. Kwa upungufu wa nyuzi 2.2, kasi inabaki kama asilimia 60. Dakika 15 za yule mpishi makini zilikuwa na nguvu ya dakika 9. Angalia uhusiano wenyewe: si mstari ulionyooka, ni wa vipeo. Kosa dogo kwenye themometa linageuka kosa kubwa kwenye usalama wa mlaji. Dawa yake ilikuwa kupandisha geji hadi karibu pauni 17, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba chombo kimetengenezwa kubeba presha hiyo, na kutoa hewa yote ndani kabla ya kufunga vali. Hewa iliyobaki ni balaa jingine, inapandisha geji bila kuleta joto.

Sasa rudi kwenye ripoti yenu. Mwanafunzi anayebadilisha 96 kuwa 100 leo ndiye atakayeamini pauni 15 kesho. Maabara ya mwaka wa kwanza ilikuonyesha mapema, kwa sufuria ya maji, jambo ambalo mimi nililijua kwa mitungi ya maharage iliyotupwa.

Kabla sijaacha themometa, nikupe njia ya kuikagua bila gharama. Twanga barafu ya maji safi, jaza chupa ya chai, tia maji baridi kidogo yajaze nafasi, koroga, subiri dakika chache, tumbukiza themometa isiguse chini wala ukuta. Inapaswa kusoma 0. Kuyeyuka kwa barafu hakujali mwinuko kwa kiasi ambacho wewe unaweza kukipima, kwa hiyo barafu ni shahidi yuleyule Kampala na Mombasa. Ukitaka kukagua upande wa juu tumia maji yanayochemka, ila ulinganishe na 96. Nimeona themometa nzima zikitupwa kwa sababu mtu aliikagua kwenye maji yanayochemka akailaumu kwa kukosa 100.

Pendulamu sasa. Hapa kosa la wenzako ni la namna nyingine, nami naliona kubwa zaidi, kwa sababu maji yalikuwa na jibu moja lililo wazi na pendulamu haina.

g ya Kampala si 9.81. Hiyo ni ya Ulaya ya kati au jirani zake. Sisi tuko karibu na ikweta, mbali zaidi na kiini cha dunia, na mzunguko wa dunia unatupunguzia kidogo, kwa hiyo kwetu ni karibu 9.78. Kwa hiyo hata namba waliyokimbilia haikuwa ya hapa. Lakini usifurahie haraka kwamba 9.74 yako imekaribia. Uliza kwanza: saa yako na mkono wako vilikuwa na uwezo wa kutofautisha 9.78 na 9.81?

Pendulamu ya mita moja kwa g ya 9.78 inamaliza mizunguko 20 kwa sekunde 40.18. Kwa g ya 9.81 inamaliza kwa sekunde 40.12. Tofauti ni sekunde 0.06. Kidole cha binadamu kubonyeza saa huchelewa au huwahi kwa karibu sekunde 0.2. Tayari unaona kwamba kidole chako ni kizito kuliko tofauti unayoitafuta. Sekunde 0.2 juu ya 40 ni nusu ya asilimia moja, na kwa kuwa muda unapigwa kipeo cha pili kwenye kanuni, shaka inaongezeka mara mbili: asilimia moja ya g, yaani karibu 0.1. Jibu lenu lilikuwa 9.74, kuongeza au kupunguza 0.1. Linakubaliana na 9.78 na linakubaliana na 9.81. Hamkuwa na kosa lolote la kusahihisha! Mlikuwa na kipimo cha kweli chenye upana wake, mkakitupa kwa sababu hamkuuandika upana.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko kanuni zote za muhula huu: namba ya maabara isiyoandikiwa shaka yake, yaani upana wake, haijakamilika. Ni kama kumwambia mtu nyumba iko barabara ya Jinja ukanyamaza. Ukitaka kuipunguza shaka, hesabu mizunguko 100 badala ya 20. Kidole ni kilekile lakini muda ni mara tano, kwa hiyo shaka ya saa inakuwa sehemu ya tano. Halafu pima urefu hadi katikati ya gololi. Ukikosea milimita 5 kwenye mita moja umeshaingiza nusu asilimia nyingine, na hii haiondoki hata ukirudia mara elfu.

Na g inaingia kwenye kazi ya chakula bila kubisha hodi. Mizani ya umeme haipimi tungamo moja kwa moja, inahisi nguvu inayoikandamiza. Mizani iliyosawazishwa Ujerumani ikaletwa hapa bila kusawazishwa upya itasoma kilo moja kamili kama gramu 997 hivi. Mpakiaji wa sukari akingoja isome 1000, anatia gramu 3 za ziada, na kwa kila pakiti 1000 ametoa kilo 3 bure. Ndiyo sababu mizani nyingi nzuri huja na jiwe lake la kusawazishia, na unaisawazisha hapo hapo ilipowekwa, meza haitikisiki, feni imezimwa. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, pale Bweyogerere, lina maabara ya vipimo, na kibandiko cha uhakiki kwenye mizani ya biashara si mapambo. Kisome tarehe yake.

Nikwambie la maziwa, kwa sababu lilinifundisha kwamba anayeumia kwa kipimo kibaya huwa ana sura na jina.

Nilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa upande wa Ankole. Mzee mmoja alileta keni yake kwa bodaboda, jua kali, karibu saa sita mchana. Mpokeaji akatumbukiza laktomita, kile kipimo cha densiti kinachoelea kwenye maziwa, ikasoma 27, akasema maziwa yametiwa maji, akayasukuma pembeni. Mzee hakubisha. Alisimama tu ameshika kofia yake. Nikaomba laktomita niitazame shina lake: imeandikwa 20°C. Nikatia themometa kwenye maziwa: 28. Kioevu kikipata moto hutanuka, densiti inashuka, laktomita inazama zaidi. Kwa maziwa unaongeza takriban 0.2 kwa kila nyuzi 1 iliyozidi. Nyuzi 8 mara 0.2 ni 1.6. 27 ikawa 28.6, yaani densiti ya 1.0286, na kikomo chao kilikuwa 28. Maziwa ya mzee yalikuwa maziwa. Yalipokelewa. Sijui ni wangapi kabla yake walirudi nyumbani na keni zao na aibu isiyo yao, siku zote ambazo hakuna aliyesoma yale maandishi madogo kwenye shina.

Refraktomita ya juisi, inayopima sukari kwa mwanga na kusoma kwa kizio cha Briksi, ina tabia hiyohiyo. Nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20. Juisi ya nanasi ya nyuzi 25 inasoma pungufu kwa karibu Briksi 0.4. Zingine zinajirekebisha zenyewe. Soma kijitabu, usikisie.

Tufike kwenye unga, ambao kwa mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, si jambo la darasani tu. Unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumukuvu inaanza na ukungu, na ukungu unaanza na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa hiyo ile tanuri ya maabara yenu, inayokausha unga ili mjue maji yaliyotoka, inahukumu malori.

Tazama hesabu kwa karibu. Kisahani kitupu gramu 25.312. Kisahani na unga 30.347. Baada ya tanuri na kupoa, 29.682. Unga ulikuwa gramu 5.035, maji yaliyotoka ni 0.665, unyevu ni asilimia 13.21. Kila usomaji wa mizani hii una shaka ya 0.001, na tofauti ya usomaji mara mbili ina shaka ya karibu 0.0014. Igawe kwa 5.035: asilimia 0.03. Mizani imefanya kazi nzuri.

Chukua unga uleule uupime kwa mizani ya jikoni inayosoma hadi 0.1. Kisahani na unga ni 30.3, baada ya tanuri ni 29.7: unga ni 5.0, maji ni 0.6, jibu ni asilimia 12. Lakini shaka ya tofauti sasa ni 0.14, ambayo juu ya 5.0 ni karibu asilimia 2.8. Unyevu wako uko popote kati ya 9 na 15. Kipimo hiki hakiwezi kusema lolote kuhusu kikomo cha 13.5, hata ukirudia hesabu kwa kikokotoo cha tarakimu kumi. Tarakimu za kikokotoo hazitoki kwenye unga.

Kuna jambo zuri ambalo wengi hawaligundui: lile kosa la g, la gramu 997, hapa halina madhara. Unyevu ni uwiano wa vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani ileile, kosa liko juu na chini, linajifuta. Jizoeze kuuliza kila kosa linaingia wapi na linatokea wapi. Kosa la kisahani cha moto, kwa mfano, halijifuti. Kisahani kikipimwa kabla hakijapoa, hewa ya moto inapanda kukizunguka na kukinyanyua kidogo, kinasoma chepesi, na unga unaonekana ulikuwa na maji mengi kuliko kweli. Kipoze kwenye chombo kikavu kilichofungwa. Na usikiache wazi mezani, maana unga mkavu unanyonya unyevu wa hewa ya Kampala ukiwa unautazama.

Sasa, kwa nini gunia lenu lilitoa majibu tofauti? Tuseme mlipata 13.2, 12.7, 13.9, 13.4 na 12.9. Wastani ni 13.2, mchepuko sanifu, yaani jinsi namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, ni karibu 0.47. Linganisha na 0.03 ya mizani: tofauti haitoki kwenye mizani hata kidogo. Inatoka kwenye gunia. Juu pamekauka, katikati pamehifadhi unyevu, pembeni palikaa sakafuni. Wastani wenyewe, kwa vipimo vitano, una shaka ambayo kwa uhakika wa asilimia 95 inafika karibu 0.6. Kwa hiyo gunia liko kati ya 12.6 na 13.8. Huwezi kutia sahihi kwamba liko chini ya 13.5. Unaweza kusema "huenda", na mtu wa ghala akakausha siku moja zaidi au akachukua sampuli nyingine kwa kuchoma gunia sehemu nyingi, achanganye, agawe, apime. Wenzako walipochagua namba moja iliyowapendeza walificha habari muhimu kuliko zote: kwamba gunia halifanani ndani.

Kuhusu namna ya kusoma, sina mengi. Usikariri kanuni kabla hujakisia jibu. Kabla ya kuwasha jiko, andika pembeni unategemea nini na kwa nini. Ukishangaa, mshangao huo ndio somo. Andika usomaji kwa kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja ili ulichoandika kwanza kisomeke. Andika saa, joto la chumba, namba ya chombo. Weka bidii zaidi kwenye joto linavyosafiri na vioevu vinavyotiririka, huko ndiko utakakoishi. Siku mtakapopima mnato wa bushera, kile kinywaji kizito cha nafaka, kumbuka kwamba ukiizungusha kwa kasi inakuwa nyepesi, kwa hiyo namba ya mnato bila kasi iliyotumika ni nusu ya habari. Mengine yatakuja yenyewe.

Mwishoni ni ile ripoti uliyosaini. Nenda kwa mwalimu wa maabara kabla haijasahihishwa, na wenzako mkikubaliana ni bora zaidi, umwombe kuirekebisha. Rudisha 96, na chini yake andika mwinuko wa Kampala na hesabu ya presha. Rudisha 9.74, ongeza 0.1 yake, na uonyeshe sekunde 0.2 za kidole zilivyoizaa. Kwenye unga weka vipimo vyote, kisha wastani, kisha mchepuko. Mkiulizwa kwa nini mlibadilisha mwanzoni, semeni mliogopa kutofautiana na kitabu. Akikwambia muda umepita, fanya hesabu hizo kwenye daftari lako mwenyewe, halafu uniandikie umepata nini kwa mizunguko 100.